Chokaa ya Shimo Jipya

Tangu alfajiri Hersende hakuwa ametia kitu tumboni. Mkate na jibini aliomfungia mumewe bado alikuwa ameushika mkononi, na macho yake yalikuwa juu, kwenye tao la nne la kanisa kuu. Siku hiyo zingeondolewa mbao zilizolibeba tao hilo tangu mwezi wa nane.

Wa kuziondoa alikuwa Gaucher, mumewe, seremala. Angepanda mpaka chini ya mawe yale, alegeze kabari moja baada ya nyingine, kiunzi kishuke, tao lijibebe lenyewe. Likishindwa kujibeba, yeye ndiye angekuwa chini yake.

Na Hersende alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyewachanganyia waashi chokaa, na chokaa yake haikuguswa kabla ya kulala shimoni mwaka mzima, kwa kuwa chokaa changa haishiki mawe vizuri. Lakini wiki ile ya kufunga tao shimo la zamani lilikwisha, mvua ilikuwa inanyemelea, na waashi huko juu walikuwa wakimpigia kelele awapandishie ndoo. Akachota ya shimo jipya, iliyokuwa na siku tisa tu. Alijiambia haitadhuru kitu. Kisha akanyamaza, na kila siku iliyopita ikafanya kusema kuwe kugumu zaidi.

"Unanipa huo mkate au umeamua kuulinda?" Gaucher alimuuliza, akichomeka nyundo kiunoni.

"Usipande leo."

"Kwa nini?"

"Kichwa kinaniuma."

Gaucher akacheka. "Kichwa kikuume wewe, nisipande mimi? Haya, kamwambie padri Evrard hivyo uone."

Padri Evrard, msimamizi wa ujenzi, alikuwa amesimama kando ya nguzo, mikono ameificha ndani ya joho kwa baridi. Alizitaka mbao zile kwa tao la tano kabla theluji haijaanguka, na wiki nzima hakuwa na neno jingine.

Gaucher akaumega mkate, akaula nusu, akaanza kupanda ngazi. Hersende alimtazama mpaka nyayo za viatu vyake zikapotea kati ya mbao. Hapo miguu yake ikamchukua yenyewe hadi kwa Aubri, fundi mkuu.

"Fundi, mzuie mume wangu."

"Ana nini?"

"Yeye hana kitu. Ni chokaa. Mawe ya juu niliyapa chokaa ya shimo jipya."

Aubri alimgeukia polepole. "Ya siku ngapi?"

"Tisa."

"Na umekaa nalo jambo hili tangu mwezi wa nane?"

"Niliogopa, fundi."

Huko juu nyundo ikalia mara moja, kisha mara ya pili. Vumbi jeupe likawadondokea mabegani.

"Gaucher!" Aubri aliita. "Acha hapo hapo. Usiguse kitu."

Fundi mkuu alipanda ngazi akiwa na msumari mrefu mkononi, na Hersende akamfuata bila kuambiwa. Walimkuta Gaucher amejikunyata chini ya mawe, uso umempauka.

"Nimelegeza kabari moja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Mbao ziliposhuka, tao nalo likazifuata. Halikuachana nazo hata kidogo."

Aubri akauchomeka msumari kwenye kiungo cha mawe. Uliingia wote, kama unavyoingia kwenye jibini.

"Irudishe kabari," alisema. "Kidogo kidogo. Ukisikia jiwe linasaga, simama."

Gaucher akagonga, akatega sikio, akagonga tena. Hersende alizibana kucha zake kwenye mbao. Kabari ilipokaza, Aubri akawaashiria washuke, mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mbao zangu zinabaki?" padri Evrard aliuliza.

"Zinabaki mpaka baada ya Pasaka, baba. Viungo vinakwanguliwa, vinajazwa upya."

"Na kosa ni la nani?"

"Langu. Niliwaharakisha watu." Kisha Aubri akamwambia Hersende, bila kumtazama, "Chokaa itachanganywa na mwingine. Wewe utapanda ukwangue."

Jioni walikwenda nyumbani. Mlangoni Gaucher akasimama.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungepanda hata hivyo."

"Ningepanda," alikubali, akausukuma mlango.

Hersende alikwangua viungo vile mpaka vidole vikapasuka, akavijaza chokaa iliyolala ya kutosha, iliyonunuliwa ng'ambo ya mto. Wiki ya pili baada ya Pasaka Gaucher akapanda tena. Tao lilishuka unene wa kidole gumba, likaachana na mbao, likatulia. Hersende alibaki amesimama wima mpaka mumewe alipokanyaga sakafu. Hapo Gaucher akamshika mikono yote miwili mbele ya waashi wote.