Lango Linasema Limefungwa

Usiku wa kuamkia Jumapili niliota kihisi cha lango letu la nyuma kimekaa kwenye kiti changu jikoni. Miguu haifiki chini, na kimejifunga khanga yangu shingoni kama mtu mwenye mafua.

Kihisi chenyewe ni kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni. Mdogo wangu Nakijwa alikileta alipokuja likizo, kwa sababu nyuma ya nyumba yetu kuna ndiva, lile bwawa tunalokusanyia maji ya zamu za kumwagilia, na mwanangu Namkunda ana miaka miwili na nusu na anapenda maji kuliko anavyonipenda mimi. Lango likifunguka, simu inalia. Nikitaka uhakika nabonyeza simu, nayo inaniandikia: Lango limefungwa. Betri zake tuliambiwa zitakaa mwaka. Kwetu zilikuwa zinakaa siku tisa.

Kwa hiyo sikukisalimia.

"Wenzako wanamaliza mwaka," nikakiambia. "Wewe kila wiki unataka betri. Unakula nini?"

"Mama Namkunda," kikasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda msibani, "mimi sili. Ninaliwa. Njoo uone nilikopangishwa."

Kinashuka kwenye kiti, kinafungua kifuniko cha mgongo wake mwenyewe, na tunaingia humo wote wawili. Sikushangaa. Nilichofanya ni kuvua ndala mlangoni.

Ndani ni chumba kimoja, kitanda kimoja. Amelala betri mzee, ngozi imebabuka kwa jua, na pembeni yake betri msichana ambaye bado ananukia duka. Mzee amechomeka mrija ubavuni mwa msichana na ananyonya. Nikamwamkia shikamoo, maana mtu mzima ni mtu mzima. Hakuitikia. Mdomo ulikuwa na kazi.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Alikuwa kwenye redio yenu," msichana akasema. "Baba Namkunda ndiye aliyemleta. Alisema mimi ni mpya, nitambeba."

"Na unambeba?"

"Tangu juzi sisikii miguu yangu."

Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nageuka nimtafute mume wangu, na kile chumba kimeshakuwa paa la nyumba. Baba Namkunda amechuchumaa juu ya bati, ameanika wazee kama ishirini kwa mstari, anawageuza mmoja mmoja kama mihogo. Wazee wamefumba macho.

"Shuka," nikamwambia.

"Bado upande mmoja."

"Baba Namkunda, hao wamekufa."

"Hawajafa, wamepoa. Jua likiwaingia watasimama." Akamwokota mmoja, akamng'ata kiunoni, akamweka sikioni. "Huyu ana wiki nzima humu. Wewe unataka kutupa mtu mwenye wiki nzima."

"Nunua mpya mbili."

"Moja mpya, moja ya jua. Ndivyo tulivyoilea redio miaka yote, na haijawahi kulalamika."

"Redio hailindi mtoto."

"Wewe Mpare gani," akasema kwa upole kabisa, "unaona aibu kutunza kitu?"

Natafuta cha kumrushia, sipati, kwa sababu niko chini, mbele ya lango. Kihisi kimeshapanda mahali pake kwenye chuma. Kimeweka viganja mdomoni, kinapiga kelele kuelekea nyumbani kwamba lango limefungwa. Kila kinapofungua mdomo, kile chuma kinakizaba kofi.

Kule sebuleni kuna kisanduku kinachopokea habari zake. Kiko nyuma ya friji, na friji amekuwa mama mnene aliyekigeuzia mgongo.

"Anasemaje huko nje?" kisanduku kinauliza.

"Sijasikia," friji anasema. "Mwambie arudie."

Kihisi kinarudia. Kinarudia tena. Mara ya kumi na saba kinatema kitu cheusi, kinajifuta kwa khanga yangu, kinarudia.

Fundi Kisaka, aliyetufungia vitu hivyo, amesimama hapo hapo anatafuna muwa.

"Kisaka, nani alikwambia uweke sanduku nyuma ya friji?"

"Ndiko kulikokuwa na soketi, mama. Ulisema nifanye haraka."

"Nilisema ufanye vizuri."

"Ulisema vyote viwili," akasema, akatema makapi. "Nikachagua."

Ningemnyang'anya ule muwa nimchape nao, lakini nikasikia vishindo nyuma yangu. Ni foleni. Wanawake wamejipanga kutoka jikoni mpaka langoni kama siku ya kliniki. Wote wamevaa gauni langu la kijani lililochanika kwapani, na wote wana uso wangu.

"Limefungwa?" anauliza wa kwanza.

"Limefungwa," kinajibu kihisi.

Anashusha pumzi, anarudi mwisho wa foleni. Anakuja wa pili.

"Limefungwa?"

"Nyie hamna kazi za kufanya?" nikawafokea. "Mnakimaliza."

"Wewe umeshauliza mara kumi na nne tangu ubandike chai," mmoja wao akanijibu. "Tulikusema?"

Kihisi kinanitazama mimi, si wao. Kinaanza kujibu, na sauti inakatika katikati ya neno. Basi kinatoa karatasi, kinaibandika kifuani: LIMEFUNGWA, kwa maandishi ya kijani. Halafu kinafumba macho.

Foleni haikusimama. Mwanamke anafika, anasoma, anashusha pumzi, anarudi nyuma.

Lango linafunguka. Namkunda anapita katikati ya miguu yao. Amevaa kiatu kimoja cha mvua, chekundu, kile tulichokuwa tunakitafuta tangu Ijumaa. Nasukuma, nakanyaga watu.

"Mama, usiruke foleni," mmoja wao ananiambia.

"Mtoto anatoka."

"Si usome?" anasema aliye mbele yangu, na ananionyesha kwa kidole changu mwenyewe. "Limefungwa."

Maji yalitoa mlio mdogo, kama kikombe kikiwekwa mezani.

Nikaamka. Kumeshakucha. Namkunda yuko kitandani kwake, anakoroma, nyayo kavu. Nikashika simu nikabonyeza. Lango limefungwa, ikaandika, kwa kijani. Nikashusha pumzi.

Kisha nikaenda jikoni kubandika chai, nikachungulia dirishani, jambo nililoliacha tangu tupate kihisi, nikaliona lango. Liko wazi, upana wa mtoto.

Nje ya lango, upande wa ndiva, kiatu chekundu kimesimama wima, pua inatazama maji. Kimejaa umande.

Nikarudi kwenye simu. Chini ya yale maandishi ya kijani kuna mengine madogo, ya kijivu, ambayo sikuwahi kuhangaika nayo. Ijumaa, saa nne asubuhi. Kihisi kilikufa Ijumaa, neno lake la mwisho likabaki kwenye simu, na siku mbili nzima nilikuwa naiuliza maiti. Mtoto alitoka akarudi, na hakuna aliyejua. Enyi wenye watoto, someni yale madogo. Na komeo liwe juu, mkono wa mtoto usipofika.

Baba Namkunda alikuwa ameshapanda ngazi, betri mbili mkononi, anawahi jua. Nikaenda kukiokota kile kiatu, nikapanda nyuma yake, nikakiweka juu ya bati, kwenye mstari wa betri anazoanika.

"Na hiki kianike," nikamwambia.

Akakitazama kiatu, akatazama lango, akatazama ndiva. Betri zikamtoka mkononi, zikabiringika juu ya bati mpaka zikaanguka chini, na hakuzifuata.