Mwenye Kuhesabu Wageni

Kiti cha plastiki kiliwekwa pale mchanga unapokutana na mwamba, na aliyekikalia kwa siku thelathini alikuwa mwanamke ambaye watu walimwita Mama Daftari. Kazi alipewa na kamati ya kulinda mwamba. Kila maji ya bahari yalipokupwa, watalii walishuka kutembea juu ya matumbawe na kutazama samaki wa rangi waliobaki vidimbwini. Hoteli kubwa ya hapo iliruhusiwa kushusha wageni sitini kwa siku, kwa sababu matumbawe yakikanyagwa sana hufa. Wageni wake walivaa bangili za plastiki za kijani, watu wengine hawakuvaa kitu mkononi. Mama Daftari aliandika bangili upande mmoja na mikono mitupu upande wa pili. Wageni wa hoteli wakizidi sitini kwa siku kumi, geti lake la kushukia baharini lingefungwa miaka miwili.

Hakuna aliyemwuliza kama ana kisa na meneja wa hoteli. Wangemwuliza, asingeficha.

Mwaka uliopita meneja alijenga ukuta, akaziba njia ya watu iliyopita ubavuni mwa hoteli kwenda zahanati, ili wageni wake wasipishane na wanawake wenye ndoo kichwani. Mdogo wake Mama Daftari aliposhikwa na uchungu, walimbeba hadi kwenye kimlango cha ukuta ule. Mlinzi akampigia meneja simu, akaambiwa asifungue. Ikabidi wazunguke, mwendo wa dakika arobaini, mgonjwa akiwa amelazwa juu ya mlango wa jikoni uliong'olewa bawabani. Mtoto alizaliwa njiani na hakulia.

Tangu siku hiyo Mama Daftari alipiga magoti asubuhi na jioni. Hakuomba meneja afe. Aliomba naye afungiwe njia.

Wiki ya kwanza bangili zilikuwa hamsini na nne, hamsini na nane, hamsini na moja. Roho ilimuuma. Angeandika themanini, nani angejua? Siku moja kalamu ilifika hadi kwenye karatasi. Akaiweka chini. Namba ya uongo ingekuwa kumnyang'anya Mungu kazi, na yeye alitaka Mungu aifanye mwenyewe, ili meneja asipate pa kukatia rufaa.

Wiki ya pili mikono mitupu iliongezeka ghafla. Walikuja wakizunguka kutoka ufukwe wa watu wote, kumi kumi, nyuma ya kijana aliyeshika kibendera. Mama Daftari alijiuliza wanalala wapi, maana nyumba za wageni za mjini zilikuwa nusu tupu. Ndipo mama mmoja wa makamo kati yao alipoteleza kwenye mwani, naye akamdaka mkono. Mkono ulikuwa mwekundu kwa jua, ila kwenye kifundo palikuwa na mstari mweupe, upana wa kidole. Akamtazama aliyefuata. Mstari. Na wa tatu. Walikuwa wamevuliwa bangili kabla ya kuzungushwa. Meneja alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa jua.

Akachora safu ya tatu daftarini, ya wenye mistari. Siku hiyo, bangili na mistari kwa jumla, tisini na saba. Kesho yake, mia moja na nne. Akamwita msimamizi wa kamati, mwalimu mstaafu asiye na maneno mengi, naye akasimama pale siku tatu akikagua vifundo vya watu. Wageni walidhani ni ukarimu wa wenyeji, kila mmoja akampa mkono.

Siku ya ishirini na nane meneja alikuja mwenyewe, viatu mkononi, akachuchumaa kando ya kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, akijua ni ya kwanza kuisikia kutoka kinywa kile.

Meneja alizungumza sana, habari za wafanyakazi wake na watoto wao. Mama Daftari aliendelea kuhesabu. Mwishowe meneja akasema amesikia yule mdogo wake ni mjamzito tena, na miezi imekwenda.

"Msimamizi ameona siku tatu tu, zilizobaki ni neno lako. Iache hiyo mistari. Kesho nabomoa ukuta, watu wapite kama zamani."

"Siku ile uliambiwa kuna mwanamke ana uchungu?"

Meneja alitazama viatu vyake. "Niliambiwa."

"Ukajibu nini?"

"Kwamba wageni wanakula."

"Basi waache wale," alisema Mama Daftari. "Mimi nina kazi."

Daftari lilifika kwa kamati na safu zake zote tatu. Geti lilipopigiliwa mbao, Mama Daftari alisimama pale hadi msumari wa mwisho, na kila nyundo iliyogonga ilimwingia kama maji kwa mwenye kiu. Wiki hiyo hiyo meneja, kwa kisirani, aliongeza ukuta wake mistari miwili ya matofali.

Nyumbani alisimulia kama mtu aliyetoka harusini. Mdogo wake alikuwa akikunja nguo za mtoto. Aliuliza jambo moja tu, kama meneja aliahidi chochote. Akaambiwa.

"Dada, kwa nini hukumweleza msimamizi habari ya njia? Daftari lingebaki na ukweli wake, na kamati ingemdai abomoe ukuta."

"Sikufikiria."

"Ulimfikiria meneja. Mtoto huyu nambeba mimi, na hukuniuliza."

Akafunga nguo zake. Angekaa kwa shangazi yao, nyuma ya zahanati, hadi ajifungue. Mama Daftari alijitwisha begi, wakaanza safari ya kuzunguka, taratibu, wakisimama kila mdogo wake alipotaka kupumua. Walikuwa wamefika nusu aliposema tena.

"Ungerudishwa kwenye kile kiti, ungefanya vingine?"

Mama Daftari alitafuta jibu ambalo angeweza kulitamka hata akiwa amepiga magoti.

"Ningemweleza msimamizi habari ya njia," alisema. "Lakini geti ningelifunga tu."

Mdogo wake alifyonya. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nishike. Hapa pana mawe."