Viti vya Kumpokea Mkuu wa Kilima

Tangu asubuhi Paskazia alikuwa akipanda na kushuka vilima vya Bugendana, na miguu ilishamwambia basi. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanafunzi kuomba bursi, fedha za kusomeshwa: karatasi hii ipelekwe Gitega, ile isainiwe kwanza. Siku hiyo ilibaki saini moja. Ilibidi Longino, mkuu wa kilima, yaani kiongozi wa eneo hilo, aione nyumba ya Kastori kwa macho yake, athibitishe kwamba hawana kitu, ndipo binti yake, Adventina, asomeshwe uuguzi kule Muyinga. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake.

Alipofika uani alisimama akaangalia tu. Viti vya sofa. Kitambaa cha meza. Redio. Mbuzi kwenye kamba, na kreti ya bia kivulini. Kastori, aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania na watoto na mikeka tu, amevaa koti la harusi.

"Baba Adventina, umefanya nini?"

"Mgeni anakuja, mwanangu. Nimkalishe kwenye jiwe?"

"Anakuja kutazama umaskini!"

"Basi autazame amekaa."

Longino akaja, akakaa, akanywa, akafuta midomo.

"Eh, Kastori! Hapa iko mali kushinda kwangu. Mi nitaandika nini? Niseme uongo?" Akarudisha kalamu mfukoni.

Adventina alikuwa mlangoni na sinia. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Paskazia hakuwa na nguvu ya kubishana. Akaenda ukingoni mwa ua, akawaita majirani ambao vitu vile alishaviona kwao: "Mama Martha, njoo uchukue viti vyako! Ignasi, mbuzi wako!"

Majirani walikuja wakiona aibu, wakaanza kubeba. Redio ikaenda, kitambaa kikaenda.

"Koti nalo langu," Ignasi alisema, "ila nitalifuata kesho."

Watu wakacheka. Kastori hakucheka. Akalivua palepale, akampa. Shati la ndani lilikuwa limechanika mgongo mzima.

Mama Martha akasita mbele ya mkuu. "Samahani shefu, na hicho kiti."

Longino akasimama, chupa mkononi. Alichungulia ndani: mikeka, sufuria moja. Akaegemeza karatasi ukutani, akasaini.

Paskazia akaikunja, akaaga. Kastori alimsindikiza mpaka njia ya Gitega, peku, nyuma yake hatua chache.