Kipaza Sauti cha Swali la Mwisho

Tangu asubuhi mzee wa mitambo alizunguka ukumbi wa chuo kikuu, akiwapelekea wasomi kipaza sauti waulize kuhusu sheria, uchumi na kesho ya nchi. Swali lake mwenyewe lilimkaa kooni: kwa nini umeme ulikatika hospitali mkewe akiwa chumba cha upasuaji, wakati hapa jenereta linanguruma ili viyoyozi viwapoze wakubwa? Waziri mwenyewe, mgeni rasmi, huyo hapo mbele, anakunywa maji ya chupa.

"Swali la mwisho," akasema mwenyekiti.

Profesa mmoja akanyoosha mkono. Mzee akasimama katikati ya viti, akakileta kipaza sauti mdomoni mwake.

"Mheshimiwa, mke wangu..."

"Kinasikika vizuri, mzee wangu, huna haja ya kukijaribu," mwenyekiti akamkatiza kwa bashasha. "Mpelekee profesa, muda umetutupa mkono."

"Mzee naye anataka uwaziri!" mtu akatania, ukumbi ukaangua kicheko.

Miguu iliyozoea kutumwa ikampeleka yenyewe hadi kwa profesa, aliyekipokea bila kumtazama, akauliza nchi itakuwaje miaka hamsini ijayo.

Waziri akasema hilo ndilo swali. Mzee akarudi ukutani, akaanza kukunja nyaya.