Gramu Mia Nne za Ratili

Jumamosi saa nne asubuhi daktari wa mifugo alipiga magoti kwenye sakafu ya jiko la mkaguzi wa mizani, akaweka kiganja ubavuni mwa mbwa, akafumba macho. Ndivyo alivyozoea kupima. Kunja ngumi upapase vifundo vya vidole: ubavu ukiwa hivyo, mbwa ana njaa. Nyoosha mkono upapase mgongo wa kiganja, mifupa ipo lakini imefunikwa: huyo analishwa sawasawa. Ukigusa usikute mfupa wowote, huyo anadekezwa. Daktari alipofumbua macho, alikunja ngumi akamwonyesha mwenye nyumba.

“Yuko hivi.”

“Haiwezekani,” alisema mkaguzi, bila kupandisha sauti.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka madukani na sokoni kukagua mizani, na wauza nyama wakimwona kwa mbali tu, vidole vilikuwa vinajiondoa vyenyewe kwenye sinia. Mbwa wake alimwita Ratili, kwa heshima ya kipimo cha zamani. Chakula cha Ratili kilipimwa kwa mzani wenye muhuri: gramu mia nne asubuhi, mia nne jioni, wali na nyama ya kusaga na karoti, bila chumvi. Mlangoni pa friji palibandikwa karatasi, na yeyote aliyemlisha, awe mkaguzi, mkewe au binti yao, alitia tiki, ili mbwa asilishwe mara mbili wala asisahauliwe. Kwa miezi minne haikukosekana tiki hata moja. Dawa ya minyoo alishapewa mara mbili. Hata hivyo Ratili alikonda, mpaka majirani wakaanza kusema bwana mizani anampunja mbwa wake, na neno hilo lilimuuma mkaguzi kuliko jipu.

Daktari aliomba amwone akila. Binti akapima, akaweka bakuli chini, akatia tiki. Ratili alikula polepole, kama mtu aliyetumwa, mpaka bakuli likang’aa. Daktari akamshika tumbo. Lilikuwa limebonyea vilevile. Kutoka chumba cha uani mtu akacheua.

“Leo karoti hazikuiva,” ilisema sauti ya huko. “Zimenikaa hapa.”

Alikuwa mama mzazi wa mkaguzi. Daktari alikwenda kumwamkia, akiona haya kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nyumba ile ina mtu mzima.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbwa hajambo?”

Alikaa kwenye kigoda akishona kifungo cha shati la mwanawe. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, shingo ina mikunjo ya afya. Daktari alimtazama, akamtazama mbwa, kisha akaomba mzani wa bafuni. Akampima mbwa, akampima bibi, akaagiza mlo wa jioni utolewe saa hiyohiyo. Ratili alipomaliza kula, walipimwa tena. Mbwa hakuongezeka hata gramu. Bibi aliongezeka mia nne kamili. Mkaguzi alisoma tarakimu mwenyewe, maana katika mambo ya mizani hakuwa akimwamini mtu.

“Basi ndiyo maana,” alisema mkewe, akaendelea kumenya vitunguu.

“Mama, jana ulikula nini?” daktari aliuliza.

“Alichokula mbwa.”

“Na juzi?”

“Hichohicho. Tumbo langu halina neno, mwanangu. Mdomo ndio una njaa.”

Hakuna aliyekusudia. Bibi alipohamia pale, alikula mezani na wenzake. Magoti yakaanza kumsumbua, ngazi mbili za kuingilia sebuleni zikamshinda, ikaamuliwa apelekewe sahani chumbani. Nani apeleke, haikuamuliwa. Mkaguzi alidhani mkewe amepeleka, mkewe alidhani binti amepeleka, na binti alidhani ni baba, kwani si mama yake? Siku ya kwanza waliposahau wote, bibi alingoja njaa ije ndipo aseme. Wahenga walishasema ngojangoja huumiza matumbo, lakini la kwake halikuuma, na mtu asiyeumwa alalamike nini? Tena kumgongea mlango mwana uliyemnyonyesha, umwombe chakula, si jambo jepesi. Alishindwa.

“Mpeni mama sahani yake,” alisema daktari, “na Ratili atanenepa mwenyewe.”

Wote walikubali, na waliona aibu ya kweli. Mchana ule zilifika chumbani sahani tatu, moja baada ya nyingine. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi, akaonja kila moja ili asimvunje mtu moyo. Jumapili zilikuja mbili. Jumatatu ilikuja moja, imepoa. Jumanne haikuja yoyote, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka vizuri kwamba jana ilipelekwa. Jioni hiyo Ratili aliinuka kwenye gunia lake, akajinyoosha, akaenda kusimama mbele ya bakuli.

Baada ya wiki tatu daktari alirudi, akaweka kiganja ubavuni, akakuta ngumi ileile.

“Basi na mama awekewe karatasi,” alisema. “Palepale kwenye friji, kando ya ile ya mbwa. Tiki ya asubuhi, ya mchana na ya jioni.”

Mke wa mkaguzi aliweka kisu chini. Binti aliinamisha uso.

“Daktari,” alisema mkaguzi, “yule ni mama yangu. Kanibeba mgongoni. Leo nimwandike kwenye friji kama mbwa?”

“Wageni wakija wakaona, tutawaambia nini?” mkewe aliongeza. “Kwamba mama analishwa kwa tiki?”

“Mimi namkumbuka mama yangu bila karatasi,” alisema mkaguzi.

Hawakuwa wakijisingizia. Macho ya mkaguzi yalikuwa yamelengwa na machozi, na yalikuwa machozi halali. Daktari alitoka akakaa kwenye ngazi za uani. Alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi. Katika kazi yake alishaona mbwa wengi waliokondeshwa na watu wanaowapenda. Ukiwauliza wenyewe wanampa kiasi gani, wanakujibu kinachomtosha, na hawasemi uongo, ila hawajui. Ndiyo maana yeye huuliza mkono wake kwanza. Lakini kalamu yake iliruhusiwa kuwaandikia wanyama tu. Akaitoa mfukoni, akaandika kwenye kadi ya mbwa: Ratili, gramu mia nne asubuhi, mia nne jioni. Nyongeza, gramu mia tatu, mara tatu kwa siku.

Mkaguzi aliisoma, uso ukamkunjuka.

“Hilo linapimika,” alisema.

Siku hiyohiyo karatasi ya friji ilichorwa upya, ikapata safu iliyoandikwa Nyongeza. Bibi alipoambiwa hakupinga. Aliomba jambo moja tu, kwamba bakuli la nyongeza liwekwe mlangoni pa chumba chake.

“Nimechoka kula peke yangu,” alisema.

Walimkubalia bila ubishi, kwa sababu wote walimpenda.

Mwezi wa pili wa nyongeza daktari alikuja kwa mara ya mwisho. Alipapasa ubavu wa Ratili akakuta mgongo wa kiganja, mifupa ipo na imefunikwa. Akamwambia mkaguzi kuwa mbwa analishwa sawasawa, na mkaguzi akaomba aandikiwe hivyo, apate kuwaonyesha majirani. Alipokuwa akiandika, bibi aliyekaa kwenye kigoda mlangoni pake alinyoosha mkono.

“Na mimi je? Nipime.”

Daktari aliushika. Ulikuwa mkono wenye joto, mnene kiasi, wa mtu anayelishwa. “Uko sawasawa, mama,” alisema, na akaendelea kuushika, kwa sababu bibi hakuuachia.

Saa saba ilipofika binti alileta bakuli, akaliweka kwenye kizingiti, akasema “Shikamoo, bibi” huku akiwa ameshageuka. Ratili alikuja akasimama mbele ya chakula. Hakula. Alikaa kwa miguu ya nyuma, akamtazama yule bibi usoni.

“Karibu, baba,” bibi alimwambia. “Karibu tule.”

Hapo ndipo mbwa alipoinamisha kichwa.

Mkaguzi alikuwa akiwatazama kutoka dirisha la jiko. “Unaona adabu hiyo, daktari?” alisema, na furaha ilimjaa usoni. “Hali mpaka akaribishwe.” Akaigeukia friji, akachukua kalamu iliyoning’inia kwenye uzi, akatia tiki.