Konzi ya Majani Makavu

Kila alfajiri, kabla ya kufungua mlango wa banda, binti aligonga bati mara tatu kwa upawa, na kuku wakamjibu. Wale wa mlangoni waligomba kama wateja waliokawizwa. Wale wa nyuma walilalamika kwa upole. Tetea mmoja mwekundu alikuwa na desturi ya kuchelewa, akitoa neno lake peke yake baada ya wenzake kunyamaza. Hapo ndipo binti aliposukuma mlango, na kwa kitambo hicho kidogo alijiona mtu anayesubiriwa mahali.

Asubuhi hiyo aligonga mara tatu, na banda likakaa kimya.

Aligonga tena. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa paa, na mlio wa bati ukazama ndani yake. Alisukuma mlango taratibu. Ndani, mwanga ulikuwa mweupe kama maji yaliyooshewa mchele. Kuku mia moja na ishirini walikuwa wamejikunyata juu ya maranda, mabawa yameshuka, macho nusu yamefumba, kama abiria waliosinzia wakingoja safari iliyoahirishwa. Maranda yalikuwa na majimaji ya kijani kila mahali. Vyombo vingine vya maji havikuguswa kabisa. Vingine vilikaushwa hadi chini. Karibu na hivyo vilivyokauka, kuku watatu walikuwa wamelala ubavu, wamekufa.

Binti hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Shangazi yake, aliyemlea, alimwita Mnong'ono kwa sababu tangu akiwa mdogo aliongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alisimama tu na upawa wake, na polepole, kama kitu kinachopanda kutoka chini ya kisima, ikamjia karatasi ya mtihani wa chuo. Swali la sita: eleza kwa nini kipimo cha majani mabichi hakifai kwa majani makavu. Alilijibu vizuri sana. Alikumbuka mpaka alama ya vema, ilivyopinda mwishoni.

Mwaka mzima alikuwa amekaa na jibu hilo kichwani. Mikono yake haikuwa na habari.

Dawa ilikuwa ya shangazi, na kila mfugaji wa mtaa ule aliijua. Majani mabichi ya mwarobaini, yaliyochumwa siku hiyohiyo, yakapondwa kwenye kinu, konzi moja kwa ndoo moja ya maji, siku mbili kwa mwezi. Lakini mti wenyewe ulikuwa mbali, nyuma ya karakana ya mbao, na goti la shangazi lilikuwa limeanza kumsumbua. Hivyo binti, kwa mapenzi yake na bila kuambiwa, alichuma majani ya miezi mitatu kwa mkupuo, akayakausha kivulini, akayasaga, akajaza kopo kubwa. Juu ya kopo akabandika karatasi, na kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni akaandika: Konzi moja, ndoo moja.

"Hee, leo dawa yangu imevaa nguo," shangazi alisema alipolipokea, akaliweka rafuni mbele ya vyombo vyote. Na jana, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amechota.

Konzi moja ya unga ule ilikuwa na majani ya kujaza kapu.

*

Bwana mifugo alifika jua likiwa limeshatoboa ukungu. Alipasua mmoja wa waliokufa juu ya gunia, akaonyesha gole, kifuko cha chakula shingoni, lililokuwa tupu na utumbo uliowiva kwa wekundu.

"Huu si ugonjwa wa kuambukiza. Mmewapa nini?"

"Dawa yangu," alisema shangazi. "Ileile ya siku zote."

"Ya kienyeji."

"Ya majani. Wewe mwenyewe umekula mayai ya kuku hawa, hukuniuliza ni ya kienyeji au ya kigeni."

Bwana mifugo alitabasamu kidogo, lakini aliendelea kuosha kisu chake. "Sina ugomvi na majani, dada. Majani nayo ni dawa. Shida yangu ni kwamba dawa ya dukani nikiuliza kipimo naambiwa. Ya kwako nikiuliza naonyeshwa mkono."

"Mkono huu haujawahi kukosea."

"Basi miaka yote hiyo ulikuwa na bahati tu." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mwaga maji yote, wape safi. Mayai ya wiki hii yasitoke hapa. Na dawa hiyo, achana nayo."

Binti alikuwa ameshika beseni. Alifumbua mdomo. Maneno yalikuwa pale, yamejipanga, hata nukta yake ilikuwepo. Lakini bwana mifugo alishapanda pikipiki, na shangazi alishageuka, akienda kumwaga maji ya kwanza kwa mguu wake unaochechemea.

Mchana walifanya kazi, kila mmoja upande wake. Maji ya kijani yalitoka, maji safi yakaingia. Kuku walianza kuinua vichwa mmoja mmoja, kama watu wanaokumbuka majina yao. Binti alikaa kwenye maranda, akawa anamtilia maji mdomoni tetea mwekundu kwa kijiko. Uchovu ukamchukua. Akasinzia ameegemea ukuta, na humo usingizini kuku walipanga foleni mbele yake, kila mmoja na karatasi chini ya bawa, wakimsomea swali la sita. Hawakumkasirikia. Walitaka kujua tu kama jibu analijua. Alitikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, lakini wao walitaka walisikie.

Aliposhtuka, shangazi alikuwa amekaa juu ya kreti mlangoni, kiganja chake wazi mapajani. Alikuwa anakitazama kama barua iliyoandikwa na mtu asiyemfahamu.

"Mnong'ono."

"Abee, shangazi."

"Mkono ukizeeka, unaweza kusahau? Nilidhani yanayosahau ni macho na magoti."

"Hapana," binti alisema, lakini alisema chini mno, na mmoja wa kuku alikohoa palepale.

"Kile kinu kitoe nje," shangazi aliendelea. "Alinipa mama. Mpe mtu apandie maua. Sitaki kukiona."

*

Kinu kilikuwa tayari kizingitini wakati fundi cherehani, jirani wa nyumba ya pili, alipoingia uani na futi yake ya kitambaa bado shingoni. Mkononi alikuwa na kikopo cha kahawa chenye kifuniko.

"Wenyewe mpo? Mbona kimya kama nimekuja kudai?"

"Tupo, jirani. Karibu."

"Siketi. Vifaranga wangu wanalia kiu, nimewawekea maji tayari. Hii dawa uliyonigawia jana, nimekwama kwenye kipimo ulichonitajia. Konzi ya nani? Wewe mkono wako ni sepetu, mimi wangu wa kutunga uzi. Nikanunue mkono mwingine?"

Kwa siku nyingine shangazi angecheka mpaka ashike ubavu. Sasa alinyoosha mkono.

"Nipe hicho kikopo."

"Kwani vipi?"

"Usiwape. Watatu wangu wamekufa jana usiku. Dawa yangu inaua, jirani. Miaka yote nimewadanganya watu bila kujua." Sauti yake ilikuwa kavu, kama anasoma tangazo. "Nenda ukawaambie na wengine niliowafundisha. Waambie mimi ndiye nimesema."

Fundi cherehani aliacha kutabasamu. Alitazama kikopo, akatazama kinu kizingitini, akatazama banda. Nyuma yao, jua la jioni lilikuwa limeingia kupitia wavu, likayageuza maranda kuwa ya dhahabu, na katikati ya mwanga huo tetea mwekundu alisimama. Aliyumba. Akajikung'uta manyoya. Kisha, peke yake, wengine wote wakiwa kimya, alitoa neno lake.

Binti alitoka bandani. Miguu ilikuwa myepesi kama ya mtu aotaye, lakini alipofika kwenye kinu aliinama, akakikumbatia, na uzito wake ukamweka imara ardhini.

"Si dawa ya shangazi," alisema.

Wote wawili waligeuka. Hata yeye alishangaa jinsi sauti ilivyofika mpaka kwenye ukuta wa jirani.

"Shangazi alitumia majani mabichi maisha yake yote. Mimi nikayakausha, nikayasaga, nikaandika kipimo kilekile. Unga huo una nguvu mara nyingi zaidi. Nilifundishwa hilo chuoni, na nilikuwa nalijua asubuhi bwana mifugo alipokuwa hapa, nikanyamaza. Mkono wako haujasahau kitu, shangazi. Aliyekosea ni mimi."