Uso Alioueleza Bibi

Kuchora, kwa mama yake Masizi, hakukuwa kazi. Ulikuwa ugonjwa wa utoto, na mtoto angepona akikua. Lakini mtoto alikua, akamaliza shule, na vidole vyake vikabaki vyeusi kwa mkaa wa kuchorea. Ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Masizi, hata mwenyewe akawa hageuki akiitwa kwa jina lake. Mchana alikaa kwenye kibaraza cha studio ya picha za pasipoti, akiwachora wapita njia waliotaka sura nzuri kuliko ile waliyopewa na kamera. Jioni alirudi kumsaidia mama kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na mama hakuchoka kumwambia, "Mwenzio wa nyumba ya pili anasomea uhasibu. Wewe unasomea vumbi."

Aliyemtetea alikuwa kaka yake, fundi magari ambaye watu walimwita Spana. Baba yao alipofariki, Spana ndiye aliyeishika nyumba. Ndiye aliyekuwa akimletea mdogo wake karatasi nzito za kuchorea, amezificha kwenye mfuko wa vipuri ili mama asianze maneno. "Muache mtoto, mama," alikuwa akisema. "Mkono kama ule haupewi kila mtu." Masizi alitamani kuingia chuo cha sanaa, na kwa muda mrefu mtu aliyeamini kwamba angeingia alikuwa mmoja tu.

Kisha siku moja mkuu wa upelelezi wa kituo cha polisi, mwanamama mwenye sauti ya chini ambaye wote walimwita Afande, akakaa pale kibarazani achorwe. Picha ilipokwisha aliitazama kitambo, akauliza, "Binti, unaweza kumchora mtu usiyemwona? Ukaambiwa tu alivyo?"

Mchoraji wao alikuwa amestaafu. Masizi akaambiwa aje kufanya jaribio, na akifaulu nafasi ni yake. Ajira ya kuchora, yenye kitambulisho na ofisi. Hilo hata mama asingelicheka.

Asubuhi ya jaribio mama hakutia neno. Alimnyooshea gauni kwa mkono wake mwenyewe na kumkagua kola. Kwa Spana ndiko kulikuwa na walakini. Karibu juma zima hakuwa amekanyaga gereji. Alisema ana homa, akawa analala ameelekea ukutani, chakula anakigusa na kukiacha. Masizi alipokwenda kumuaga, alisema bila kugeuka, "Nenda. Mkono usitetemeke."

Chumba alichopelekwa kituoni kilikuwa na meza, viti vitatu, kabati la chuma lisilofunga vizuri na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Afande alimweleza kwa ufupi. Juma lililopita, asubuhi, gari jeupe lilimgonga mtoto wa kiume aliyekuwa anavuka barabara na bibi yake kwenda shule. Dereva alishuka, akamtazama mtoto pale chini, akarudi garini na kuondoka. Mtoto yuko hospitali, mguu umevunjika, hata kukaa bado hawezi. Namba za gari hakuna aliyezishika. Sura ya dereva aliiona bibi peke yake.

Bibi akaingizwa. Alikuwa mwembamba, amevaa kitambaa safi kichwani, na alitembea kama mtu anayeogopa kuamsha wengine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye utakayemchora?"

"Nitajaribu, bibi. Wewe nieleze tu, usiharakishe."

"Nimekuwa mkunga maisha yangu yote," bibi alisema akikaa. "Sura nazikumbuka. Huyu alisimama karibu nami kama ulivyo wewe sasa."

Masizi akaweka karatasi kwenye ubao. Bibi akaanza: kijana, uso mrefu kidogo, paji pana. Mashavu yameingia ndani. Masikio yamejitenga na kichwa. Masizi alichora taratibu, akiuliza, akifuta, akiuliza tena, na Afande alisimama dirishani akimtazama kwa macho ya kuridhika. Kazi ilikuwa inakwenda. Masizi aliona kabisa mlango wa maisha yake unafunguka.

Halafu mkono wake ukaanza kutangulia maneno. Bibi hakuwa amefika kwenye mdomo, lakini mkaa ulikuwa umeshauchora, mdomo wa chini mzito, umeinuka upande mmoja. "Ndivyo," bibi alisema. "Ndivyo hasa. Umejuaje?"

Masizi aliinua mkaa kutoka kwenye karatasi.

"Na nyusi," bibi aliendelea. "Nyusi ya kushoto imekatika katikati. Kovu la zamani, halioti nywele."

Kovu lile Masizi alikuwa amelichora mara nyingi kuliko kitu chochote duniani. Alikuwapo siku springi ilipochomoka kwenye gari bovu na kumpasua Spana usoni. Alishika kitambaa chenye damu njia nzima hadi zahanati. Akakumbuka homa isiyo na joto, ukuta, sahani zilizorudi na chakula. Feni ilizidi kulalamika. Jasho likamtoka hadi kwenye viganja, mkaa ukaanza kuteleza.

Akaichora nyusi nzima.

"Hapana, imekatika," bibi alisema kwa upole.

"Kivuli hicho, bibi. Nitakirekebisha." Akafuta, akachora, akaiacha vilevile. Kisha akaupanua mdomo. Akaitanua pua, akaujaza uso mashavu, akayabana masikio. Kila alichokiharibu alikipa kivuli kizuri, kikawa kama kweli. Bibi aliinama karibu na karatasi, akakunja uso, akasema hapana, kisha akasema sijui.

"Labda ni mimi," alisema mwishowe. "Tangu siku ile silali. Ninafumba macho namwona mtoto. Wewe ndiye fundi, mjukuu wangu. Kama umeona ndivyo, basi huenda ndivyo."

Maneno yale yalimchoma Masizi kuliko kama angetukanwa. Lakini aliichomoa karatasi ubaoni, akaiweka mezani.

Askari mmoja aliyeleta faili akachungulia karatasi. "Afande, huyu si yule dereva wa lori la maji? Anayesambaza maji huku juu?"

Afande akaichukua picha, akaitazama vizuri. "Kamleteni tuzungumze naye." Kisha akamgeukia Masizi. "Kazi nzuri, binti. Mchana rudi tukamilishe mambo yako."

Masizi alitembea kwenda nyumbani bila kuona njia. Alimkuta Spana amekaa kitandani, mama yupo chumba cha pili na pasi yake. Akafunga mlango.

"Ni wewe uliyemgonga yule mtoto."

Spana hakukana. Alijishika kichwa, na kilichomtoka kilikuwa kama kilikuwa kinangoja kuulizwa. Gari lilikuwa la mteja. Alikuwa amelifungia breki mpya, analijaribu, na breki hazikushika. "Nilishuka," alisema. "Nikaona anapumua. Nikaona bibi ananitazama. Miguu ikanirudisha yenyewe. Kila siku nasema leo nitakwenda, na kila siku siendi." Akainua macho. "Umejuaje?"

"Bibi yule ndiye niliyekuwa namchorea."

Spana alibadilika rangi. "Umenichora?"

"Nilianza. Halafu nikachora mtu mwingine."

Spana akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kulala akatabasamu kidogo. Lile tabasamu ndilo lililomtisha Masizi. Lilikuwa la mtu aliyekwisha kupona.

"Wameshampata anayefanana na picha," akasema. "Dereva wa lori la maji. Wamekwenda kumchukua."

"Watamwachia. Hana kosa."

"Watamwachiaje, na picha inasema ni yeye?"

Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amesimama pale, na uso wake ulionyesha kwamba hakuhitaji kuelezwa. Nyuma yake shuka lilikuwa linaungua, harufu imeanza kujaa, na hakuna aliyekwenda kulitoa.

"Kama umeshawaambia ni mwingine," mama alisema, "liache hivyo hivyo. Huyo wa maji ana watu wake, watamtetea. Sisi tuna nani zaidi ya huyu?"

"Mama, mtoto wa watu hawezi kukaa."

"Na huyu ni wa nani?" Mama alimnyooshea kidole Spana. "Ndiyo kazi uliyoing'ang'ania hii? Kwamba uje utuuze kwa penseli?"

Masizi alimtazama kaka yake. "Twende pamoja," alisema. "Ukijipeleka mwenyewe itakuwa nafuu. Nitakushika mkono mpaka mlangoni."

Spana alitazama sakafu. Alivisogeza viatu vyake kwa mguu, akaviacha hapo. Masizi alingoja pale kwa muda ambao ulitosha kabisa kuvaa viatu. Kisha akatoka peke yake, na mama hakumzuia wala hakumwita.

Kituoni dereva wa lori la maji alikuwa amekaa kwenye benchi na mabuti yake ya mpira, miguu imelowa, anamweleza kila apitaye kwamba siku ile alikuwa anashusha maji hospitali hiyo hiyo aliyolazwa mtoto. Mbele yake bibi alisimama na ile picha mkononi. Alimtazama mtu, akaitazama picha, akamtazama mtu tena.

"Mimi sikumbuki hivi," bibi alikuwa anamwambia Afande. "Lakini picha ni yeye. Kama picha ni ya kweli, basi ni yeye."

"Picha si ya kweli," Masizi alisema.

Wote wakageuka. Akaenda hadi mezani. "Nipeni karatasi nyingine. Bibi, wewe hukukosea popote. Niliyekosea ni mimi, na nilikosea makusudi."

Afande alivuta kiti, akampa karatasi, akabaki amesimama nyuma yake karibu mno. Masizi alichora. Safari hii hakumwuliza bibi neno hata moja. Paji, mashavu yaliyoingia ndani, masikio, mdomo ulioinuka upande mmoja. Alipofika kwenye nyusi machozi yalianza kudondoka, akasogeza karatasi pembeni ili yasiiharibu, akaikata nyusi pale ilipokatika. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuchora, na alilijua hilo wakati anaichora, na akajichukia kwa kulijua.

Bibi aliziba mdomo kwa kiganja. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyu."

"Unamfahamu?" Afande akamuuliza Masizi.

"Ni kaka yangu. Tumetoka tumbo moja."

Dereva wa maji aliruhusiwa kwenda. Alipita karibu na Masizi, akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo zito, akabadili nia, akaondoka na mabuti yake yakilia chapwa chapwa. Askari walipofika nyumbani kwa Spana walikuta kitanda kitupu. Mama alisema hajui, na kweli alikuwa hajui.

Picha ikabandikwa kwenye magereji, kwenye vituo vya mabasi, kwenye milango ya maduka ya vipuri. Watu waliosimama kuitazama walisema mchoraji huyu ana mkono, na Masizi akawa anavuka upande wa pili wa barabara. Spana alipatikana mji wa mbali, chini ya gari, akifanya kazi kwa fundi aliyemtambua kwa ile nyusi. Hakupigana. Inasemekana aliomba tu anawe mikono kwanza. Mahakamani alikiri kila kitu, akafungwa. Mtoto alirudi shule kwa magongo, na baadaye bila magongo, ingawa anachechemea.

Nafasi ya kituoni Masizi hakuipata. Afande alimwita ofisini na kumwambia waziwazi. "Kwa asubuhi ile ningeweza kukufungulia shtaka. Sikufanya hivyo kwa sababu ulirudi. Lakini kila utakapochora hapa nitakuwa najiuliza." Akafunga faili lililokuwa mbele yake. "Mchoraji tuliyempata hajui hata pua inakaa wapi. Wahalifu wote siku hizi wana uso mmoja. Hata hivyo nalala usingizi."

Nyumbani mama aliacha kumsemesha. Chakula alimwekea, nguo alimfulia, lakini neno hakumpa. Waliishi hivyo nyumba moja kama abiria wasiojuana. Masizi alikusanya michoro yake, akaipeleka chuo cha sanaa mwenyewe. Uso wa kaka yake hakuuweka humo, ingawa alijua ungewafungua macho walimu wa chuo.

Gerezani alikwenda mara kadhaa akaambiwa mfungwa hataki wageni. Safari iliyofuata Spana akatoka. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, masikio yamejitenga zaidi. Walikaa wakitazamana kwenye wavu.

"Walinionyesha ile picha," Spana alisema mwishowe. "Masikio umenionea."

"Ndivyo yalivyo."

"Najua ndivyo yalivyo. Ungenipunguzia kidogo." Alicheka, kicheko kikaisha njiani, akafuta uso kwa mkono wa shati. "Siku ile uliponiambia twende, nilitaka kusimama. Sijui unaniamini."

"Nilikuona unataka."

Spana akaitikia kwa kichwa polepole. "Chuo je?"

"Wamenichukua. Naanza muhula ujao."

Spana alipigapiga ubao wa meza kwa vidole, akiangalia pembeni. "Na mama? Anakusemesha?"

"Jana aliniambia mchuzi umezidi chumvi."

"Ulikuwa umezidi?"

"Hapana."

"Basi anaanza," alisema Spana, na askari akaja kumwambia muda umekwisha.